Kabla Hujaandikia Wizara ya Ulinzi, Mjue Nani Yuko Wapi

Nilikuwa karani wa masijala serikalini miaka ishirini na mbili. Sasa nimestaafu, nakaa Kirumba, Mwanza, na watu hunijia na barua zao nizinyooshe. Zinazokosewa kuliko zote ni za jeshi. Juzi kijana wa Igombe kaniletea bahasha: "Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi, Makao Makuu ya Polisi, Dar es Salaam." Mjukuu wangu, nikamwambia, hii itazunguka mpaka gundi iachie.

Wapange watu kichwani kwanza. Wavuvi nawaeleza kwa mtumbwi wa dagaa. Mwenye chombo ni Rais. Ibara ya 33 ya Katiba inamtaja kuwa Amiri Jeshi Mkuu. Waziri ndiye msemaji wake: anabeba sera, anasimama bungeni kuombea bajeti kabla mwaka wa fedha haujaanza tarehe 1 Julai. Usukani haushiki. Usukani anao Mkuu wa Majeshi, jenerali, akisaidiwa na Mnadhimu Mkuu, na chini yao kuna kamandi za Nchi Kavu, Anga na Wanamaji. Halafu yuko mtu ambaye wengi wanamsahau, na ndiye wa kumwandikia mara nyingi: Katibu Mkuu. Huyu anashika daftari la petroli na nyavu. Ni afisa masuuli, maana yake fedha ya wizara isipoonekana, wa kuulizwa ni yeye.

Kwa hiyo jiulize: shida yangu ni ya daftari au ya usukani? Mkataba, deni, fidia ya shamba lililoingia kwenye eneo la jeshi: Katibu Mkuu, Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, Dodoma. Jambo la askari aliye kazini linaanzia kwa kamanda wa kikosi chake. Ukimruka kamanda, barua itashushwa hadi kwake, naye atakuwa ameshanuna.

Jina la wizara lina miguu miwili, na huo wa pili, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), una umri mkubwa kuliko Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). JKT lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. JWTZ lilizaliwa tarehe 1 Septemba 1964, baada ya askari wa jeshi tulilorithi kwa Mwingereza kuasi Januari ya mwaka huo. Sisi wazee tunakumbuka, ndiyo maana hatushangai Katiba kumkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa.

Sasa, yule kijana alikuwa anatafuta JKT la kujitolea. Hilo halihitaji waziri wala basi la Dodoma. Nafasi zikitangazwa, maombi yanaratibiwa na ofisi za wakuu wa mikoa na wilaya; yeye ni wa Ilemela, nauli yake ni ya daladala tu. Hukohuko wilayani yupo mshauri wa Jeshi la Akiba, anayesimamia mafunzo ya mgambo. Na mtu akikuomba "hela ya fomu", mwache hapohapo na soda yake.

Kombati nazo zinachanganya. Polisi, Magereza, Uhamiaji na Zimamoto wako Mambo ya Ndani. Doria ikikukamatia nyavu kwa kosa la uvuvi, usikimbilie Ulinzi. Anzia kwa afisa uvuvi.

Kuandika kwenyewe ni kwepesi. Anwani yako juu kulia, tarehe, anwani ya unayemwandikia kushoto, kisha YAH: kwa herufi kubwa, jambo moja tu. Kama inamhusu mwanajeshi, weka namba yake ya jeshi kwenye mstari huohuo wa YAH. Hilo nililijua kwa aibu. Mama mmoja mjane wa Ukerewe nilimwandikia "marehemu mume wangu alikuwa askari", jina kamili, kijiji, kila kitu, namba sikuweka. Majibu yalikuja baada ya miezi mitano: taja namba. Ilikuwa kwenye kitambulisho alichokikunja ndani ya kitenge siku ile ya kwanza, mimi sikuuliza. Akapanda meli ya Nansio mara ya pili, nauli nikalipa mimi.

Toa nakala mbili. Ukipeleka kwa mkono, moja igongwe muhuri wa masijala wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Ukituma kwa posta, iwe rejista, na risiti uibane na nakala yako kwa pini. Pini, siyo gundi.