Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupandisha Dau Kwenye Mnada wa Sarafu za Kale

Wakazi wa Mtwara na Lindi wanaufahamu mnada kuliko Watanzania wengi, kwa sababu korosho yao huuzwa kwa njia hiyo. Kabla mnada huo haujahamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, mnunuzi aliandika bei yake kwenye karatasi, akaitumbukiza katika sanduku la zabuni, na washindani wake hawakuijua mpaka sanduku lilipofunguliwa mbele ya wakulima. Kalamu ilipogusa karatasi, alikwisha jua daraja la korosho, ghala ilimo na gharama ya kuifikisha bandarini. Mnada wa sarafu za kale huendeshwa kinyume chake: bei hupanda hadharani, sekunde chache kati ya dau moja na jingine, na kila mwenzako anapopandisha unajikuta ukiamini kwamba ameona thamani ambayo wewe hukuiona. Ndiyo maana hesabu zote zinapaswa kukamilika kabla dalali hajafungua kinywa.

Anza kwa kujua sarafu unayoitaka ni adimu kiasi gani, maana pupa nyingi huzaliwa na hofu kwamba nafasi hii haitarudi. Wengi wetu huanza na sarafu za Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambazo wazee wetu walizitumia hapa hapa. Hata neno hela tumelirithi kutoka kwenye heller yao. Heller 20 iliyopigwa Tabora mwaka 1916, yenye alama ya T, ilitolewa kwa zaidi ya vipande milioni moja, na hupita minadani mara kwa mara. Hata hivyo, vipande hivyo havifanani: vipo vya shaba ya njano na vya shaba nyekundu, vipo vyenye taji kubwa na vyenye taji dogo, na ncha za herufi L katika neno HELLER huenda zimepinda au zimechongoka. Kuza picha mpaka uzione ncha hizo, kwa kuwa zinaamua kama unagombea kipande cha kawaida au aina ambayo ni vigumu kuipata. Rupia 15 ya dhahabu yenye picha ya tembo, iliyopigwa Tabora mwaka huo huo, ni habari nyingine, kwani vilitoka takriban vipande 16,000 tu. Sarafu hiyo ina uzito wa gramu 7.168, robo tatu yake ikiwa dhahabu, yaani dhahabu tupu ya gramu 5.4 hivi. Thamani ya gramu hizo kwa bei ya siku ndiyo sakafu. Kila shilingi iliyo juu yake unaitoa kwa mapenzi ya ukusanyaji, na ni vyema uijue kabla hujaitoa.

Kisha tafuta bei ambazo sarafu ya aina hiyo, yenye hali hiyo hiyo, iliuzwa katika minada iliyopita. Tazama matokeo matano au zaidi, na uchukue bei ya katikati badala ya ile ya juu kabisa. Makadirio yaliyochapishwa kwenye katalogi usiyategemee sana, kwa sababu mara nyingi huwekwa chini ili kuvuta watu.

Hesabu ya kikomo ianzie mfukoni na kurudi nyuma hadi kwenye nyundo, yaani bei ambayo dalali anaigonga kufunga mauzo. Nyumba nyingi za mnada za Ulaya na Marekani hutoza ada ya mnunuzi ya asilimia 20 au zaidi juu ya bei iliyogongwa, na bado kuna posta, makato ya benki ya kubadilisha fedha na kodi za forodha. Tuseme umetenga shilingi 500,000 na gharama za kuifikisha sarafu nyumbani ni 80,000: zinabaki 420,000, ambazo ukizigawa kwa 1.2 unapata 350,000. Hiyo ndiyo bei yako ya mwisho mnadani. Ukiongeza 50,000 kwa hamaki, mfukoni zimetoka 60,000 zaidi.

Hali ya sarafu inahitaji uangalifu wa pekee. Niliwahi kugombea rupia ya fedha ya mwaka 1890 na kukipita kikomo changu mara tatu. Ilipofika niliiweka chini ya taa na kuona mistari myembamba, sambamba, ikipita juu ya shavu la Kaisari wa Ujerumani: ilikuwa imesuguliwa. Katalogi ilisema wazi kwamba imesafishwa, nami sikuwa nimesoma maelezo hadi mwisho. Sarafu iliyosuguliwa hupoteza sehemu kubwa ya thamani, na haiwezi kurudishiwa sura yake.

Kwa sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, kama zile zenye jina la Ali bin al-Hasan, ukiletewa mkononi Kilwa Masoko au Mikindani, kikomo changu ni sifuri. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuvichimba au kuvitoa nchini bila kibali ni kosa.

Mwisho, angalia saa. Mnada unaoanza saa kumi na mbili jioni mjini Dallas, Marekani, wakati wa baridi yao, huku Mtwara ni saa tisa usiku, na mtu mwenye usingizi hubonyeza kitufe upesi kuliko anavyofikiri. Mimi huacha dau langu la juu kwenye mfumo tangu mchana, nao hupandisha kwa niaba yangu kadiri inavyohitajika tu, bila kuvuka kiasi hicho. Kisha nazima simu na kulala. Alfajiri nasoma matokeo nikiwa na karatasi yangu ya hesabu, na nikikosa, naandika kwenye daftari bei iliyogongwa na hali ya sarafu, ili nianzie hapo itakapopita tena.