Jigso ya dalia: piga picha inayosomeka, kisha anzia kwenye kitovu

Dalia ya hapa si ile poda ya njano ya kujipaka. Ni ua la bustani, asili yake Meksiko, lenye petali zilizolaliana safu juu ya safu. Likikatwa na kutiwa kwenye chombo cha maji, kwa kawaida halimalizi wiki. Ukilipiga picha na kuikata vipande kwenye tovuti ya jigso, yaani fumbo la kuunganisha upya vipande vya picha, unaweza kulirudia wakati wowote, na utajikuta unalikagua petali kwa petali kuliko ulivyowahi kulikagua bustanini.

Ugumu wa fumbo la dalia huamuliwa na picha. Picha mbaya haiokolewi na uvumilivu.

Anza na ua lenyewe. Kwa mara ya kwanza chagua dalia ya safu moja ya petali yenye jicho la njano katikati, au ile ya kola, ambayo ina petali fupi za rangi nyingine zilizozunguka jicho. Hizo zina alama za wazi. Dalia za kaktasi, zenye petali nyembamba zilizojiviringisha mpaka ncha kali, nazo ni rahisi kuliko zinavyoonekana, kwa sababu petali moja huvuka vipande vitatu au vinne na unaifuata kama uzi. Pomponi ndiyo shughuli: kibonge kidogo kisichozidi sentimita 5 hivi, petali zimejikunja kama visanduku vya sega la nyuki, na kila kipande kinafanana na jirani yake. Dalia iitwayo 'Café au Lait', lile ua pana la rangi ya krimu, ni zuri sana bustanini lakini kwenye jigso linachosha, maana tofauti ya mwanga na kivuli ni ndogo mno. Ukilipenda, ongeza kontrasti kidogo kabla ya kulipakia.

Piga asubuhi au wakati wa wingu. Jua la saa sita hadi saa tisa huchoma petali za juu zikawa nyeupe tupu. Jihadhari hasa na nyekundu iliyokolea, kama ya dalia iitwayo 'Bishop of Llandaff'. Kamera ya simu hujaza rangi nyekundu kabla ya nyingine, mistari ya petali inapotea, na unabaki na doa moja lisilo na alama. Gusa ua kwenye skrini, kisha telezesha kidole chini mpaka picha iwe na giza kidogo. Usizidishe lakini, kwa sababu majani ya Bishop ni meusi-meusi tayari na yatameza kila kitu.

Simama ukitazama uso wa ua moja kwa moja, si kwa ubavu. Sababu itaonekana mbele. Ua lijaze kama theluthi mbili ya fremu, na nyuma yake paonekane majani, mabua, au ua la rangi nyingine. Zima ile hali ya kamera inayotia ukungu nyuma. Inapendeza kwenye picha ya harusi; kwenye fumbo la vipande 300, theluthi moja ya ukungu wa kijani ni vipande 100 visivyo na cha kusoma. Kukiwa na upepo, shika bua chini ya fremu, piga picha tano au sita, kisha uzikuze na kuchagua ambayo ncha za petali ni kali.

Kata picha kwa uwiano wa 4 kwa 3. Hapo vipande vinatoka mraba bila kuvutwa: 8 kwa 6 ni 48, 12 kwa 9 ni 108, 16 kwa 12 ni 192, na 20 kwa 15 ni 300. Picha ya pikseli 2000 kwa 1500 ikigawanywa vipande 300, kila kimoja kinapata pikseli 100 kila upande, na hiyo inatosha. Ikishuka hadi pikseli 800 upana, kila kipande kinabaki na 40, na mishipa ya petali haionekani tena. Ndiyo maana picha iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida haifai: imebanwa. Itume kama dokumenti. Kwenye simu, 48 ni kiasi cha haki. 108 iachie tableti, na kuanzia 192 tafuta kompyuta.

Jigsaw Planet ni moja ya tovuti zinazopokea picha yako mwenyewe na kukuachia uchague idadi na umbo la vipande. Kabla ya kupakia popote, futa taarifa za mahali zilizofichwa ndani ya picha, la sivyo ramani ya nyumbani kwako inaweza kusafiri na ua. Huna dalia? Wikimedia Commons, hazina ya picha mtandaoni, ina picha nyingi zenye leseni huria. Soma tu masharti ya kila moja.

Sasa kuunganisha. Zima chaguo la kuzungusha vipande. Wengi wamezoea kuanza na kona nne na kingo, lakini kwenye dalia kingo mara nyingi ni majani matupu. Anza na kitovu. Tafuta vipande vyenye petali fupi zilizobanana, ambazo bado hazijafunguka na mara nyingi rangi yake imekolea zaidi au ina ukijani. Havizidi vichache, na vinajitambulisha.

Kisha tumia kanuni inayomaliza nusu ya kazi: ncha ya petali hutazama nje ya kitovu. Kipande ambacho ncha zake zinatazama juu kulia, mahali pake ni juu kulia. Zikitazama chini, kiweke chini. Gawa rundo lote la petali katika mafungu manane namna hiyo kabla ya kuunganisha chochote. Kanuni hii huvunjika ua likipigwa kwa ubavu, maana petali za mbele huonekana zimefupishwa, na vilevile ukiruhusu vipande vizunguke.

Baada ya kitovu, unganisha mpaka wa ua: vipande vyenye petali na majani pamoja. Huo ndio ukingo wa kweli wa picha hii. Katikati ya mpaka na kitovu jaza kwa upana, kwani petali hupanuka kadiri zinavyoenda nje. Kwenye pomponi hesabu visanduku, kipande chenye vingi kipo karibu na kitovu. Vikilingana, angalia kivuli. Mwanga ukitoka kushoto, kila petali hutupa kivuli upande wake wa kulia, na unene wa kivuli hicho haufanani kila mahali.

Kipande kikionekana kimeingia lakini hakinasi, si chake. Usikilazimishe wala usiharibu jirani zake. Mwishoni vikipungua viwili vitatu, usiilaumu tovuti bado: sogeza sehemu uliyokwisha kuunganisha, mara nyingi vimejificha chini yake. Na usicheze kwenye dirisha la faragha la kivinjari kama unataka kurudi kesho, kwa sababu ukilifunga, kazi iliyohifadhiwa kwenye kivinjari hufutika nalo.