SOMO: Mifuko mbadala ya kuning'iniza dukani, jinsi ya kuikata itoke mmoja mmoja

Habari za jioni wadau. Leo nataka niwaelekeze kitu ambacho kimenichukua karibu mwaka mzima kukipatia, nacho ni mfuko wa duka unaoning'inia kwenye stendi, ukivuta mmoja unatoka mmoja na unaofuata unabaki umeshafungua mdomo unasubiri mzigo. Nina karakana ndogo hapa Mabatini, Mwanza, nakata na kuchomelea mifuko ya kile kitambaa kisichofumwa, nauzia maduka ya kuanzia Soko Kuu mpaka Buzuruga na Igoma. Kila nilikokuwa napeleka mzigo naona jambo lile lile, jioni watu wamejaa kaunta, muuzaji analamba kidole ndio atenganishe mifuko, anavuta mmoja inakuja mitatu, miwili inadondoka kwenye vumbi, na mfuko ulioanguka chini nani atakubali kuwekewa mkate. Mfuko mmoja una bei yake jamani, mwenye duka anaumia na lile la kulamba kidole mteja anaona.

Enzi za rambo, ile mifuko ya plastiki, hii kitu ilikuwa imeshatatuliwa. Ule mfuko wa umbo la singlendi alibuni mhandisi wa Uswidi anaitwa Sten Gustaf Thulin, akiwa na kampuni ya Celloplast, hataza ya Marekani walipata 1965. Baadaye wenzetu huko wakaufanyia ufundi wa kuuning'iniza, mikono miwili kwenye nondo mbili, na katikati kuna kipande kidogo, ndio ulimi, kinashikwa na kulabu, afu plastiki yenyewe wanaipitishia umeme sehemu ya juu ili mfuko ugandane kidogo na mwenzake, ukivuta wa kwanza unamfungua wa pili. Sasa tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea hairuhusiwi hapa kwetu Tanzania, kwa hiyo nilichofanya mimi ni kuchukua ule ufundi nikauhamishia kwenye mfuko mbadala wa gramu 70 kwa mita ya mraba, ile GSM 70, na msishuke chini ya hapo maana ndio kiwango. Kuhamisha tu haikukubali, kitambaa hiki ni kinene na kina nguvu kuliko ile plastiki, ndio maana ya somo.

HATUA YA 1: Piga hesabu ya bando (fungu la mifuko linalotundikwa) kabla hujagusa mkasi

Mfuko wangu una upana sm 30, mikunjo ya ubavuni sm 8 kila upande, urefu sm 50. Ukiukunjua mzunguko wake ni sm 92, zidisha kwa nusu mita unapata mita za mraba 0.46, mara gramu 70 ni kama gramu 32 kabla hujatoa kipande cha shingo. Mifuko 50 ni karibu kilo moja na nusu inaning'inia, ni nzito. Na kuna kitu nilichelewa sana kukiona: pale kwenye mikono kitambaa kimejikunja kina tabaka nne, katikati zipo mbili tu. Yani bando likikaa kwenye stendi pembeni linajaa mara mbili ya katikati, mifuko ya mbele inasukumwa mbali na kulabu, ulimi unavutika wenyewe hata hujagusa. Nilikuwa nalaumu kisu kumbe ni hesabu. Dawa yake nilipunguza bando likawa mifuko 25, nikasogeza kulabu mbele kidogo kuliko nondo zinapoanzia.

HATUA YA 2: Ulimi

Unapokata shingo ya singlendi usikitupe kipande chote, bakiza ulimi katikati, upana sm 6 na kimo sm 4, na juu yake toboa tundu la kulabu. Kati ya ulimi na mdomo wa mfuko unachana mstari, lakini unaacha vishikizo viwili vidogo ambavyo havijakatwa. Hapo ndipo kazi yote ilipo naomba msome taratibu.

Mfuko una ukuta wa mbele na ukuta wa nyuma. Ukuta wa mbele unatakiwa uachie ulimi kirahisi, wa nyuma ung'ang'anie mpaka mteja amalize kujaza. Kwa hiyo vishikizo havilingani! Mimi mbele naacha milimita 1 kila kimoja, nyuma naacha milimita 3. Ukipitisha kisu mara moja pande zote mbili zikawa sawa, basi mfuko unaofuata utaondoka wote bila kufunguka, au utabaki umefumba mdomo. Mimi nakata mstari wa mbele na wa nyuma mbali mbali, naingiza kibati chembamba katikati ya kuta. Inachosha ila hamna njia ya mkato kwa mashine niliyonayo.

Na muangalie jora limelazwaje. Kitambaa hiki kina nguvu zaidi kwa urefu wa jora kuliko kwa upana, ukigeuza kitambaa katikati ya kazi ili kubana mabaki vipimo vyote vya vishikizo vinabadilika.

HATUA YA 3: Tone la gundi

Nyuma ya kila mfuko, sentimita moja chini ya mstari wa kuchana, weka tone dogo la gundi ya kuyeyusha, ile ya vijiti, afu laza mfuko unaofuata juu yake ushikane. Hili tone ndio linafanya kazi ya ule umeme wa kwenye plastiki. Mfuko wa kwanza ukiondoka unavuta ukuta wa mbele wa mwenzake, ukuta unaachia ulimi, mdomo unafunguka, ndipo gundi inaachia.

Kwa hiyo nguvu ziko tatu na lazima zipangike: kishikizo cha mbele kidogo kabisa, gundi ifuate, kishikizo cha nyuma kikubwa kuliko vyote. Napima kwa ile mizani ya kuning'iniza ya kupimia mabegi, nafunga kibanio cha nguo kwenye mdomo wa mfuko navuta taratibu. Mbele inaachia kwenye kama nusu kilo, gundi karibu kilo moja, nyuma kilo moja na nusu kwenda juu. Gundi ikiizidi nyuma mifuko itafuatana kama kumbikumbi. Ikiwa dhaifu kuliko mbele, mdomo haufunguki na muuzaji anarudi kulamba kidole.

Nilishajaribu kuchomelea nukta kwa mashine badala ya gundi. Joto likipita ukuta wa kwanza likafika wa pili unakuwa umeshona mdomo wa mfuko, niliharibu jora zima, msijaribu.

HATUA YA 4: Mikono na stendi

Kwenye mikono usitoboe matundu ya duara, vile viduara vinabaki ndani ya mfuko vinaishia kwenye mchele wa mtu. Chana umbo la mwezi mchanga, kipande kibaki kimeshikilia, nondo inapita yenyewe. Stendi mpelekee fundi wa kuchomelea, nondo ya milimita 6 inatosha, umbali kati ya nondo na nondo uwe sawa na umbali kati ya matundu, ncha ziinuke kidogo juu. Afu piga msasa, piga msasa kweli kweli, sababu mkwaruzo mdogo tu wa chuma unakamata nyuzi za kitambaa na mfuko unakwama upande mmoja.

Kabla ya kutundika shika bando kwa mikono miwili ulikunje huku na huku kama unachanganya karata. Kisu kikikata mifuko mingi kwa pamoja kingo zinagandana, hasa kisu butu. Mimi nusu ya malalamiko yaliisha nilipoanza kunoa kila siku asubuhi.

MASWALI YA WADAU

Mama mwenye duka, Igoma: Asante sana mwanangu kwa somo. Mimi sitengenezi, nanunua tu. Nitajuaje bando ni zuri kabla sijalipa?

Jibu: Shikamoo mama. Mwambie akutundikie hapo hapo hata kwenye misumari, vuta mitano mfululizo kwa mkono mmoja. Ikitoka mmoja mmoja na mdomo wa unaofuata uko wazi, chukua. Angalia pia ndimi zimebaki zote kwenye kulabu au zinaondoka na mfuko, zikiondoka tundu la ulimi liko karibu mno na ukingo.

Mdau wa Kirumba: Mkuu mimi niko Mwaloni nauza dagaa, upepo wa ziwani unapeperusha mifuko yote, na vumbi la dagaa linaingia kwenye mifuko iliyofunguka. Unanishauri nini?

Jibu: Kaka kwa mazingira yako usiweke gundi kabisa. Mdomo wazi kwa upepo ule ni tanga la ngalawa, utavuta bando zima. Acha vishikizo vya mbele milimita 2, mfungue mwenyewe kwa mkono, na ncha za nondo ziinue zaidi.

Kijana wa Nyegezi: Kwa nini usitumie ile mifuko laini ya kufungashia, inachomoka vizuri na bei iko chini?

Jibu: Ile ni kifungashio dogo, sio kibebeo. Kumuwekea mteja abebee bidhaa ni kosa, utamponza na mwenye duka.

Dada wa Bukoba: Gundi haiyeyuki kwa joto la bati?

Jibu: Dada yangu kwa joto la dukani sijaona ikiyeyuka. Shida niliyoipata ni stoo, nilipanga mabando kumi na mbili yamelaliana karibu na bati wiki mbili, uzito ukaikandamiza gundi ikaingia ndani ya nyuzi, yale ya chini yakawa hayaachii. Sasa napanga manne tu, na kati ya bando na bando naweka karatasi.

Mdau wa Buzuruga: Hivyo vipimo vya milimita 1 na 3 nikivitumia kwenye GSM 80 vitakubali?

Jibu: Havitakubali hivyo hivyo. Kata mifuko kumi ya sampuli, punguza vishikizo kidogo kidogo, pima na mizani mpaka upate nusu kilo mbele. Ukipata leta vipimo hapa, wapo wanaotumia 80 watavihitaji.