Konda anaita, si lazima upande: kumtafutia mtoto tiba ya OCD, hatua kwa hatua

Kila Juni baridi ya Mbeya inapokaza, naletewa watoto wenye mikono iliyopasuka hadi damu. Wengi wao ni baridi tu. Wanapakwa mafuta, wanapona. Yupo mmoja mmoja ambaye mikono imepasuka kwa sababu ananawa mara arobaini kwa siku. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, na mwongozo huu ni wa mzazi wa huyo mmoja. Mfano nitakaoufuata ni wa binti wa miaka 11, nimeuunga kutokana na watoto kadhaa ili asiwepo wa kunyooshewa kidole.

OCD (kifupi cha Kiingereza, obsessive-compulsive disorder) ni hivi: wazo linamjia mtoto bila kuitwa, linamtisha, naye anaituliza hofu kwa tendo. Atanawa, atahesabu, atakagua kitasa, atafuta na kuandika upya, au atatubu. Hofu inashuka kwa dakika chache, kisha inarudi na kudai tendo lile lile tena. Kiswahili kililijua jambo hili zamani. Neno wasiwasi limetoka Kiarabu, na hadi leo mtu anayerudia udhu kwa kutoamini kwamba umetimia husemwa ana wasiwasi.

Hatua ya 1: Daftari, wiki moja

Kabla ya kwenda popote, nunua daftari dogo. Kila tukio liandike kwa safu nne: saa ngapi, nini kilimshtua, yeye alifanya nini, na ninyi mlifanya nini. Safu ya nne ndiyo wazazi huiruka, na ndiyo ninayoisoma kwanza.

Jumlisha muda. Matendo yakila zaidi ya saa moja kwa siku, au yakimchelewesha shule, au yakimliza, hiyo si tabia ya usafi. Usitumie kipimo cha kitabuni kuhusu kunawa. Angalia wenzake nyumbani wananawaje. Homa ya matumbo na kipindupindu tunavijua, kwa hiyo kunawa kabla ya kula na baada ya choo hakuguswi.

Mengine hayaonekani kwa macho. Mtoto anaweza kuwa anahesabu moyoni, au anarudia sala kimyakimya mpaka "itoke sawa", au wazo linamwambia atamchoma mdogo wake kisu. Muulize kwa upole: "Kuna wazo linalokuja hata ukilikataa?" Akikuambia la kisu, usiruke. Mtoto mwenye OCD hutishwa na wazo hilo kwa sababu hataki kabisa kulitenda.

Dalili zikilipuka ghafla ndani ya siku chache, hasa baada ya kuumwa koo, mwambie daktari siku hiyo hiyo. Wataalamu bado wanabishana kuhusu uhusiano huo, lakini koo lichunguzwe.

Hatua ya 2: Kutafuta mtaalamu, na swali moja la kumuuliza

Anzia hospitali ya wilaya upate barua ya rufaa. Kwa Nyanda za Juu Kusini milango mikubwa ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya na hospitali za rufaa za mikoa kama ya Iringa. Ikishindikana, kuna Mirembe kule Dodoma na Muhimbili kule Dar es Salaam. Madaktari bingwa wa akili ni wachache nchini, kwa hiyo usishangae ukihudumiwa na muuguzi au tabibu. Cheo si hoja. Hoja ni jibu la swali hili: "Mtamsaidiaje na hicho anachokiogopa?"

Jibu unalolitaka ni kwamba mtoto atakutanishwa na kinachomtisha, kidogo kidogo, bila kufanya lile tendo lake, mpaka hofu ikose nguvu. Mwanasaikolojia Victor Meyer aliandika kuhusu njia hiyo kule Uingereza mwaka 1966, na mpaka leo ndiyo tiba ya mazungumzo inayoongoza kwa OCD. Ukiambiwa ni kumpa ushauri, kumtuliza na kumfundisha kupumua tu, shukuru, kisha endelea kutafuta.

Kuhusu maombi: sijamzuia mzazi yeyote kwenda kanisani. Ila zungumza na mchungaji faragha. Nimemwona mtoto aliyekuwa akiungama dhambi ile ile kila jioni, na kila akihakikishiwa amesamehewa alilala vizuri usiku mmoja tu. Hapo kuungama kumeshakuwa kunawa mikono kwa namna nyingine. Mchungaji aliyeelewa alimwambia: "Nimeshakujibu, mwanangu, sitajibu tena." Alisaidia kuliko sisi wote.

Hatua ya 3: Ugonjwa upewe jina

Binti yule nilipomuuliza wazo lake likoje, alifikiri kidogo akasema ni kama konda wa daladala pale Kabwe: anaita "Uyole, Uyole, Uyole!" na kukuvuta begi hata kama huendi Uyole. Tangu siku hiyo ugonjwa ukaitwa Konda. Konda humnyamazishi kwa kubishana naye, wala kwa kupanda gari lake. Anaita, wewe unasimama, mwishowe anamgeukia mwingine. Wa kwako atachagua jina lake, usimchagulie.

Hatua ya 4: Ninyi muache kulipa nauli

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo nyumba nyingi hukwama. Turudi safu ya nne ya daftari. Mama alikuwa anamwagia maji kwa kikombe binti asiguse ndoo. Baba alikuwa anajibu "ndiyo, umetakata" mara thelathini kwa usiku. Bibi alikuwa anafua shuka kila siku. Wote walifanya kwa upendo, na wote walikuwa wanamlipia Konda.

Msiache vyote siku moja. Chagueni kimoja, mwambieni mtoto mapema akiwa ametulia, na semeni tarehe. Kwa binti yule tulianza na swali la baba. Badala ya "umetakata", baba alisema: "Namsikia Konda. Najua unaogopa, na najua utaweza." Kisha akanyamaza. Usiku wa kwanza ulikuwa mgumu, binti akapiga mlango teke. Kelele huongezeka kabla ya kupungua. Ukijibu usiku wa tatu kwa kuchoka, umemfundisha kwamba akidai sana atapewa.

Bibi lazima awemo kwenye mpango. Mama akikaza na bibi akilegeza, mtoto atahamia chumba cha bibi. Mweleze kwa heshima, mpe kazi yake. Na viboko, hapana: hofu haitibiwi kwa kuongeza hofu.

Hatua ya 5: Ngazi

Chora ngazi pamoja na mtoto. Kila kinachomtisha akipe alama, sifuri hadi kumi. Ya binti yule ilikuwa hivi: kugusa kitasa cha sebuleni, 2, kushika noti ya elfu moja iliyotoka dukani, 4, kusalimiana kwa mkono na jirani, 5, kukaa kitandani na sare za shule, 7, choo cha stendi, 10.

Nikiri kosa langu. Mara ya kwanza nilimwanzishia kwenye 5 kwa kuona anajiamini. Akagoma wiki tatu. Anza chini, hata ikionekana ni mchezo.

Zoezi lenyewe: anagusa kitasa, halafu hanawi. Muulize alama ya hofu, ngoja dakika tano, uliza tena. Mnaweza kucheza karata huku mkisubiri, lakini usimwambie "hakuna vijidudu", maana huo ni uhakikisho. Rudieni kila siku hadi kitasa kimchoshe, ndipo mpande. Usimwombe jambo ambalo wewe mwenyewe hulifanyi.

Mwalimu wa darasa aelezwe kwa kifupi. Mtoto anayefuta hadi karatasi itoboke anahitaji ruhusa ya kuacha kosa lilivyo, si adhabu ya kuchelewa.

Hatua ya 6: Dawa, pale inapobidi

Ngazi ikikwama, au mtoto hali wala halali, daktari anaweza kuongeza fluoksetini au sertralini, dawa za sonona zinazotumika pia kwa OCD. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 kwa watoto 112 wa miaka 7 hadi 17, baada ya wiki 12 waliopata mazoezi ya kukabili hofu kama ya ngazi pamoja na sertralini zaidi ya nusu walibaki bila dalili za maana. Mazoezi peke yake yalifikisha kama 39 kwa mia, dawa peke yake 21, na kidonge kisicho na dawa chini ya 4. Kwa hiyo dawa bila ngazi ni nusu ya safari.

Inahitaji wiki 8 hadi 12 kabla ya kuihukumu. Wiki za mwanzo mwangalie kwa karibu: akikosa utulivu kupita kiasi au akizungumzia kufa, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Usiikatishe ghafla. Ukiandikiwa dayazepamu (dawa ya kutuliza) au amitriptilini (dawa ya zamani ya sonona) peke yake kwa ajili ya OCD, uliza kwa adabu kwa nini si fluoksetini au sertralini.

Hatua ya 7: Safari na marudio

Mkipewa rufaa ya Dodoma kupitia Iringa na Mtera, bebeni barua, daftari, ngazi na maboksi ya dawa zote alizowahi kunywa. Konda hurudi nyakati za mitihani au msiba. Akirudi, fungueni daftari na muanze tena kwenye alama ya 2, hata kama mwaka jana alifika juu.

Binti yule alifika 10 bila kupangiwa. Basi lilisimama Makambako, dakika kumi, na yeye alikuwa amebanwa. Aliingia choo cha stendi, akatoka, akanawa mara moja kwa sabuni, akamwomba mama yake hela ya mahindi ya kuchoma.