Kupima hatua za ukuaji wa mtoto: tazama mikono yote miwili

Kabla sijamgusa mtoto namuuliza mama: "Kuna jambo kuhusu ukuaji wake linalokukosesha raha?" Kisha nanyamaza. Likiwapo, naliandika kwa maneno yake mwenyewe, hata kama mtoto anaonekana mzima kabisa. Yeye anakaa naye usiku na mchana. Mimi ninamwona kwa dakika 20.

Halafu umri. Aliyezaliwa njiti hurekebishiwa umri mpaka atimize miaka 2. Mtoto wa miezi 9 aliyezaliwa wiki ya 32 ya ujauzito badala ya 40 aliwahi kwa wiki 8, basi mpime kama wa miezi 7. Ukisahau hesabu hii utamtia mama hofu bure.

Mpime akiwa ameshiba na hana usingizi, amepakatwa na mama. Mwekee kijiko mbele ya kifua, katikati kabisa, uone atanyoosha mkono upi. Mama mmoja aliniletea mtoto wa miezi 10, akifurahi kwamba mwanawe "ni wa kulia kama babake". Kweli, kila nilichoweka alikichukua kwa mkono wa kulia. Nikaushika huo taratibu, nikamwekea kijiko tena. Mkono wa kushoto haukunyanyuka. Ulibaki ngumi, dole gumba limefichwa ndani ya vidole, na mtoto akaanza kulia kwa kukikosa kijiko. Kabla ya mwaka mmoja mtoto hapaswi kuwa na mkono anaoupendelea. Akiwa nao, chunguza ule mwingine. Huenda ni mtindio wa ubongo, yaani hitilafu ya ubongo inayosumbua misuli na mwendo wa viungo. Huyu tulimwandikia rufaa siku hiyo hiyo, na mazoezi ya viungo yakaanza mapema.

Mengine utayaona upesi. Miezi 2, anatabasamu ukimchekea. Miezi 9, anakaa bila kushikiliwa, anageuka akiitwa jina, anasema ba-ba-ba. Miezi 18, anatembea, tena ananyoosha kidole ili nawe ukione alichokiona yeye, si kuomba tu. Hicho kidole usikipuuze: kisipokuwepo, uliza maswali ya usonji (hali inayoathiri jinsi mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na watu), na uyaulize tena akifika miezi 24. Miaka 2, anaunganisha maneno mawili, kama "mama njoo".

Akichelewa kusema, masikio yapimwe kwa vifaa. Kumpigia makofi kisogoni hakutoshi, kwani anaweza kuhisi upepo au kuona kivuli chako akageuka.

Mtoto aliyekuwa anakaa au anasema kisha akaacha, huyo hangojewi hata wiki moja, awe na umri wowote.

Nawasihi wahudumu wa afya wenzangu, tuache kuwaambia wazazi "ni mvivu tu, ataanza". Mimi nasema: "Kipimo hiki hakitaji ugonjwa. Kinaniambia mwanao aangaliwe zaidi, na nitakuwa nawe." Kisha naandika kwenye kadi anakokwenda na tarehe ya kurudi kwangu, na ninamsomea kwa sauti kabla hajainuka.