Keki ya ghorofa mbili kwa anayeanza, navyoifanya mwenyewe hapa Mwanza

Habari zenu wapendwa. Wengi mnaniuliza keki ya ghorofa inasimamaje bila kuzama, leo naandika yote. Yangu ya kwanza nilimfanyia mwanangu alipotimiza miaka mitano, tukatoka nayo Buswelu kwa bajaji kwenda Kirumba kwa bibi yake, kufika tunafungua boksi ya juu imezama nusu nzima ndani ya ya chini, mtoto alilia na mimi nililia. Sikuwa nimeweka nguzo, yani mirija minene inayosimama ndani ya keki ya chini. Keki ya juu haikalii keki mwenzie, inakalia nguzo, ukilishika hilo umemaliza sehemu ngumu.

Hatua ya 1: vipimo

Anza na inchi 10 chini na inchi 6 juu, ukiweka 8 juu ya 10 unabaki na ukingo mwembamba hata ua halikai. Mi natumia uzito sawa wa kila kitu. Yai la kisasa bila ganda ni kama gramu 50, kwa hiyo inchi 10 inakula mayai 8, unga gramu 400, sukari 400, siagi ya kuokea 400 na bekin pauda vijiko vya chai 3. Inchi 6 ni mayai 3, gramu 150 kila kitu, bekin pauda kijiko kimoja. Kila saizi oka mara mbili ili upate keki mbili za kubebana na krimu katikati, jumla mayai 22, yani trei moja inatosha na yanabaki 8 ya chai. Kama una ya kienyeji usihesabu, yapasue uyapime kwenye mzani maana ni madogo.

Hatua ya 2: kuchanganya

Piga siagi na sukari mpaka iwe nyeupe na nyepesi, kwa mashine kama dakika 8, kwa mwiko ni mkono wako na subira. Weka yai moja moja, ukiona mchanganyiko unakatika kama maziwa mgando tupia kijiko cha unga. Unga uliobaki uchanganye taratibu mwishoni, ukiupiga sana keki inakuwa ngumu kama mkate.

Hatua ya 3: kuoka

Mwenye oveni weka nyuzi 160, inchi 10 ni saa nzima mpaka saa na robo, inchi 6 dakika 45 hivi. Ila wengi wetu umeme unakatika keki ikiwa katikati ndo maana mi bado naliamini jiko la mkaa. Chukua sufuria kubwa, mwaga mchanga mkavu wa vidole viwili, upashe robo saa, tumbukiza kibati chako, funika na mfuniko wa bati, afu mkaa uliokolea uhamishie juu ya mfuniko, chini bakiza vipande vichache tu. Moto mwingi ukae juu. Ukibaki chini keki inaungua kitako na katikati bado uji. Chomeka njiti, ikitoka kavu epua.

Hatua ya 4: iache ipoe

Mi naoka leo napamba kesho. Usiku inakaa imefunikwa vizuri, asubuhi nakata kile kichuguu cha juu kwa kisu cha mkate mpaka iwe sawa kabisa.

Hatua ya 5: krimu

Kwa anayeanza achana na whipping cream, joto letu hili la mchana linailegeza na keki ya ghorofa inataka kitu kinachoshika. Piga siagi kilo 1, ongeza aisingi shuga (sukari laini kama unga) kilo 2 kidogo kidogo na vanila. Bebanisha keki mbili za saizi moja na krimu katikati, kisha nje paka mkono wa kwanza mwembamba kama fundi rangi, huo kazi yake ni kushika makombo, weka kwenye friji nusu saa, ndo upake mkono wa pili na kulainisha kwa rula mpya. Na hapo kwenye friji jamani, toeni sato kwanza! Krimu ya siagi inavuta harufu haraka sana, dagaa na samaki wa Mwaloni wahamie kwa jirani siku hiyo.

Hatua ya 6: nguzo

Hapa nenda polepole. Gusisha kitako cha kibati cha inchi 6 juu ya keki ya chini kiache alama ya duara. Chukua mrija mnene, uzamishe ndani ya duara mpaka ugonge ubao keki ilipokalia, weka alama kwa kucha pale krimu inapoishia, uchomoe, utatoka na makombo, ufute ukate hapo. Kata mingine minne kwa urefu uleule, usipime kila mmoja kivyake maana mmoja ukizidi kidogo tu keki ya juu inainama. Mmoja katikati, minne kuzunguka. Keki ya juu nayo lazima iwe na kibao chake, kata boksi gumu duara la inchi 6 ulivike foili, bila foili linalowa na kulegea.

Hatua ya 7: kupamba na kusafiri

Nozo moja ya nyota (ile ncha ya mfuko wa krimu) inatosha, zungusha maua pale keki mbili zinapokutana, yanaficha kila kasoro. Kwa barabara zetu za mawe na miteremko beba kila ghorofa kwenye boksi lake, upandishe ukumbini, na mfuko wa krimu uwe nao.

Wakati wa kukata na kulishana shusha ghorofa ya juu kwanza, chomoa mirija, hesabu imetoka yote mitano, ndo watoto wapewe.