Pi ipi? Namna ya kutambua maana ya neno fupi lenye kazi nyingi

Ukikutana na pi katika maandishi ya Kiswahili, angalia kwanza kama imesimama peke yake au imeshikamana na herufi nyingine, kwa sababu hapo ndipo utata mwingi unapokwisha. Ikiwa imeshikamana, mara nyingi ni kiulizi -pi, ambacho hakisimami mpaka kitanguliwe na kiambishi cha ngeli. Ikiwa imesimama peke yake, ni jina, na kwa kawaida ni jina la herufi ya Kigiriki au la namba inayoandikwa kwa herufi hiyo, yaani π. Swali "pi ipi?" linazo zote mbili: jina mbele, kiulizi nyuma.

Nianze na kiulizi, kwa kuwa ndicho tunachokitumia kutwa nzima. Msimu wa zabibu, mtu akienda sokoni hapa Dodoma na kumwambia muuzaji, "Mama, nipimie kilo mbili," huenda akajibiwa, "Zipi, mwanangu?" Mama huyo hamuulizi aina ya zabibu. Mbele yake ana mabeseni mawili au matatu ambayo wote wawili wanayaona, naye anataka aonyeshwe moja: "Hizo za beseni la kushoto, mama." Angeuliza, "Unataka zabibu gani?" jibu lingekuwa la aina: nyekundu au nyeupe, za kula au za kusindika mvinyo. Basi tumia -pi pale vitu vinapojulikana na kinachotakiwa ni kuchagua, na tumia gani pale unapouliza aina au sifa. Tofauti hii inafifia siku hizi, hasa katika fomu na matangazo, nami naona ni hasara, kwa kuwa swali lisilo wazi huzaa jibu lisilo wazi.

Umbo lake hufuata ngeli ya jina linaloulizwa: mti upi na miti ipi, beseni lipi na mabeseni yapi, kikapu kipi na vikapu vipi, nyumba ipi na nyumba zipi, ukuta upi na kuta zipi. Kwa mtu tunasema yupi, na kwa watu wengi wepi. Hilo la mwisho ndilo linalowakwaza wengi, ambao huandika "watu wapi" wakidhani wameuliza ni watu gani miongoni mwa waliopo, ilhali msomaji anaweza kuelewa kwamba wanauliza mahali. Vipi nalo lina kazi mbili: likifuata jina la ngeli ya vi-, kama katika "vyombo vipi," ni la kuchagua, likifuata kitenzi, kama katika "umefikaje, umesafiri vipi," huuliza namna. Na si kila neno linaloishia na pi linauliza. Makapi ya uwele yanayopeperushwa kutoka kwenye ungo hayana kiulizi chochote ndani yake. Pi hiyo ni sehemu ya mzizi.

Tuje kwa ile inayosimama peke yake. Pi ya hesabu ni uwiano wa mzingo wa duara kwa kipenyo chake, na uwiano huo ni uleule kwa kifuniko cha chupa na kwa shina la mbuyu. Chukua sufuria yenye kipenyo cha sentimita 28, izungushie uzi kwenye ukingo, kisha nyoosha uzi huo juu ya rula: utapata karibu sentimita 88, na 88 ukigawa kwa 28 ni 22/7. Kwa mbuyu, ambao huwezi kuupima katikati bila kuukata, fanya kinyume chake: zungusha kamba kwenye shina, na ikiwa mzingo ni mita 11, zidisha kwa 7 ugawe kwa 22, nawe utajua kwamba kipenyo ni karibu mita 3.5.

Katika mkoa huu wenye kiangazi kirefu, faida kubwa ya pi iko kwenye tangi la maji. Tangi la mviringo lenye kipenyo cha mita 1.4 na kimo cha mita 1 lina nusu kipenyo cha mita 0.7. Zidisha 0.7 kwa 0.7, kisha kwa 22/7, kisha kwa kimo, upate mita za ujazo 1.54, yaani lita 1,540, ambazo ni ndoo 77 za lita 20. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni la kuzidisha kipenyo kizima kwa chenyewe badala ya nusu yake, na mwenye nyumba akaamini ana maji mara nne ya yale aliyonayo.

Kumbuka pia kwamba 22/7 ni makadirio tu. Yenyewe huanza na 3.142857, ilhali pi huanza na 3.141592 na haina mwisho wala mrudio. Archimedes, mwanahesabu wa Ugiriki ya kale, alikwisha kuonyesha kwamba pi ni ndogo kidogo kuliko 22/7, na mwaka 1761 mwanahesabu Lambert alithibitisha kwamba haiwezi kuandikwa kama sehemu ya namba nzima mbili. Alama π kwa maana hii ilitumiwa na mwanahesabu William Jones mwaka 1706, kisha mwenzake Euler akaieneza.

Pasipo na duara, usikimbilie 3.14. Herufi kubwa Π katika hesabu huamuru kuzidisha mfululizo wa namba. Katika uchumi π ndogo mara nyingi ni faida. Katika kemia hutaja aina ya muungano wa atomu. Raspberry Pi ni kompyuta ndogo iliyotoka Uingereza mwaka 2012. Na ukiona PI kwa herufi kubwa mbele ya namba ya shauri kwenye hati ya mahakama ya Tanzania, ni ufupisho wa Kiingereza wa uchunguzi wa awali (preliminary inquiry), hatua ambayo shauri zito kama la mauaji hupitia katika mahakama ya chini kabla ya kusikilizwa Mahakama Kuu.